Mistari ya Mwiba

Katika maabara ile kulikuwa na sheria moja iliyoheshimiwa kuliko saa ya kutoka kazini: namba haisemwi. Msomaji wa kwanza aliketi chumba cha kushoto, msomaji wa pili chumba cha kulia, korido katikati, na kila mmoja alihesabu mistari ya mwiba uleule wa samaki bila kujua mwenzake amepata mingapi. Akimaliza, anaandika namba kwa penseli kwenye kikaratasi, anakikunja mara mbili na kukitumbukiza kwenye kopo la biskuti lililotobolewa mfuniko. Kopo lilifunguliwa Ijumaa. Namba zikipishana kwa moja, hewala. Zikipishana kwa zaidi ya hapo, mwiba umekataliwa, unatupwa kwenye ndoo nyekundu pamoja na jasho lote la walioutafuta.

Sheria nzuri kabisa. Ila aliyeitunga hakufikiria kwamba wasomaji wawili wanaweza kuwa mke na mume.

Mke alikuwa msomaji wa kwanza, na maabara nzima ilimwita Bi Hesabu. Mumewe, msomaji wa pili, aliitwa Fundi, kwa sababu ndiye pia aliyeikata miiba yenyewe kwa msumeno mdogo wa umeme, akitoa vipande vyembamba kama ukucha na kuvigandisha juu ya vioo kwa gundi. Walikuwa kwenye kazi hiyo kwa miaka ishirini na sita. Asubuhi walitoka nyumba moja, wakapanda ngazi pamoja, wakaagana kwenye korido kama watu wanaosafiri, kisha kila mmoja akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Mchana walikula kutoka bakuli moja, wakizungumza juu ya kila kitu chini ya jua isipokuwa mistari.

Miiba hiyo ilitoka kwa papa jicho-kijani, samaki ambaye watu wengi watazeeka na kufa bila kumwona, maana anakaa mita mia saba chini, mahali ambapo jua halijawahi kufika hata kwa bahati mbaya. Ana macho makubwa ya kijani, mapezi mawili mgongoni, na mbele ya kila pezi mwiba mmoja. Mwiba huo huongeza mstari mmoja kila mwaka, kama shina la mti. Ukitaka kujua umri wake, humwulizi; unaukata mwiba, unauweka chini ya hadubini, unahesabu. Ini lake ni karibu robo ya uzito wake wote na limejaa mafuta, na mafuta hayo huishia kwenye vikopo vya krimu na nyuso za watu wasiotaka kuonekana wana umri walio nao. Hiyo ndiyo iliyokuwa balaa yake.

Balaa ya pili ni kwamba hana haraka. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Papa huyu kaipindua methali. Mimba anaibeba miaka miwili au karibu na hapo, mara nyingi ya mtoto mmoja tu, na akishamzaa ndiyo kwaheri, kila mtu na njia yake. Kwa hiyo swali kubwa la maabara lilikuwa moja: jike huanza kuzaa akiwa na miaka mingapi? Jibu likiwa dogo, baraza la uvuvi lingeruhusu nyuzi ndefu za ndoana kushushwa kwenye bonde la chini ya bahari wanakoishi. Likiwa kubwa, bonde lingebaki limefungwa.

Mambo yaliharibika miaka minne nyuma, alipokuja Daktari kuwa mkuu wa maabara. Hakuwa na ubaya wowote, ila alikuwa kijana, wa umri wa binti yao, na vijana hupenda kubandika vitu ukutani. Akabandika orodha ya miiba iliyokataliwa. Mwezi ule ilikuwa sitini na moja katika mia mbili. Kwenye kikao cha asubuhi akasema kwa upole kwamba kati ya macho manne yanayosoma, kuna mawili yanaruka mistari, na labda ingefaa wote wakapimwe. Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja, kwa sababu kwenye orodha ile namba ya chini ilikuwa ya Fundi kila mara.

Siku hiyo Fundi alifika nyumbani akakaa na viatu miguuni, chakula hakukigusa. Bi Hesabu akamwambia kupima macho si aibu. Fundi akajibu kwamba macho yake hayana neno, siku hizi anasoma gazeti hata bila miwani, na kweli alisoma. Kisha akaongeza, akiwa ameinamia sakafu, "Kama nimekwisha, waniambie. Nitafuga kuku."

Mtu anayesema atafuga kuku kwa sauti ile hafugi kuku. Anakaa kizingitini na kuanza kuzeeka. Bi Hesabu alilijua hilo, na moyo ukamuuma.

Jumatatu iliyofuata alihesabu mwiba wa kwanza akapata ishirini na nne. Akautazama tena. Karibu na ukingo, mahali ambapo samaki amekwisha kuwa mtu mzima na hakui tena kwa pupa, mistari inakuwa myembamba na kubanana. Ukiishi na mtu miaka yote ile unajua anachokiona na asichokiona. Akatoa mitatu ya mwisho, akaandika ishirini na moja, akakunja kikaratasi mara mbili. Ijumaa kopo likafunguliwa: ishirini na moja kwa ishirini na moja.

Uongo wa kwanza ulimtoa jasho. Wa mia ulimtoka kama chafya. Ndoo nyekundu ikakaa tupu hadi mfagizi akaanza kutia humo vitambaa vyake. Daktari akabandua orodha, akabandika karatasi ya pongezi. Na Fundi akarudi kutembea kifua mbele, kila Ijumaa njiani alimkumbusha mkewe, "Si nilikwambia? Macho yangu mazima." Bi Hesabu aliitikia, akijua kwamba ameufunga mlango wa hospitali kwa mkono wake mwenyewe. Huko ndiko kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, hata ukimpaka kwa mapenzi.

Ripoti ikatoka: jike huanza kuzaa akiwa na miaka kumi na saba. Bi Hesabu alijua kwamba kwa hesabu zake mwenyewe ni ishirini na kitu. Alijiliwaza kwamba miaka mitano ni nini kwa samaki ambaye hana hata kalenda. Akaendelea kujiliwaza mpaka siku ile Nahodha Kimya alipopanda ngazi na sanduku la barafu.

Nahodha huyo aliitwa Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza. Safari hii alikuwa na haki ya kusema. Miaka mingi nyuma, katika misimu mitano tofauti, chombo cha utafiti kiliwavua papa mia mbili na kumi, kikawadunga dawa, kikawafunga vibandiko vya plastiki vyenye namba na kuwarudisha chini wakiwa hai. Dawa ile huingia kwenye mwiba na kubaki humo. Ukiimulika kwa taa ya zambarau inang'aa manjano. Mistari inayofuata baada ya manjano ni miaka ambayo samaki ameishi tangu sindano. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi. Sasa Nahodha alikuwa amemnasa mmoja kwenye ndoana iliyoshuka kuliko alivyokusudia, jike, kibandiko kikiwa bado pezini. Alikuwa ameshakufa walipompandisha.

Daktari alikichukua kibandiko bila kumwonyesha mtu, akasoma namba yake kwenye daftari la zamani, akaandika idadi ya miaka kwenye karatasi na kuifunga ndani ya bahasha. Alisema kwa mara ya kwanza wamepata mwiba ambao jibu lake linajulikana. Wasomaji wote wawili wakilipata, ripoti yao haitapingwa na yeyote, na baraza litakalokaa baada ya wiki mbili litafungua bonde kwa kuitegemea. Fundi aliusugua mkono kwa mkono. Bi Hesabu alikwenda kumpasua samaki.

Ndani yake mlikuwa na mtoto mmoja. Alikuwa amebakiza muda kidogo tu azaliwe. Mfuko wa kiini tumboni ulikuwa umesinyaa, miiba yake miwili laini kama karatasi iliyolowa, macho tayari ya kijani. Bi Hesabu alimpima kama alivyopima wengine wote, akaandika urefu na uzito. Kisha akabaki amemshika kwa viganja viwili. Miaka miwili ya mimba, na kabla yake miaka ishirini na ushei ya kungoja kuwa mama, na yeye ameandika kumi na saba. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayopanda hadi masikioni.

Ijumaa asubuhi Fundi alikata mwiba na kila mmoja akapewa kioo chake. Bi Hesabu aliwasha taa ya zambarau, manjano yakawaka kama uzi wa cherehani. Akazima, akahesabu kutoka hapo hadi ukingoni. Kumi na tisa. Akarudia mara tatu, kumi na tisa. Na alijua, bila kuvuka korido, kwamba mumewe angeona kumi na sita.

Kikaratasi alikiacha kitupu mezani, akaenda kula.

Hapo ndipo ulipokuwa mtego. Angeandika kumi na sita, wangekosea wote wawili na aibu ingekuwa ya wawili. Angeandika kumi na tisa, aibu ingekuwa ya Fundi peke yake. Lakini kulikuwa na njia ya tatu, na ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote: amnong'oneze mumewe maneno matatu tu, "kumi na tisa", hapa hapa juu ya bakuli. Wote wangepatia. Fundi angekuwa shujaa. Na ile miaka minne ya namba zilizopinda ingepata muhuri, na bonde lingefunguliwa.

Fundi alikuwa akikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Akasema mwiba wa leo una ukungu mwishoni. Bi Hesabu akauliza ukungu gani.

"Kila mwiba siku hizi una ukungu mwishoni," Fundi akasema. "Nadhani ni gundi mpya."

Gundi haikuwa mpya. Ilikuwa ileile, ya kopo lilelile, tangu binti yao akiwa shule ya msingi. Bi Hesabu alimtazama mumewe, mwanamume mwerevu anayeisingizia gundi, akasikia namba imemfika kwenye ncha ya ulimi. Akatia tonge mdomoni ili pasiwe na nafasi. Akatafuna muda mrefu sana. Alipomeza akasema chai inapoa, akainuka, akapiga moyo konde, akaenda kuandika kumi na tisa.

Saa tisa Daktari alifungua kopo mbele yao. Kikaratasi cha kwanza: kumi na tisa. Cha pili: kumi na sita. Akafungua bahasha. Kumi na tisa. Alizigeuza karatasi zile kama mtu anayetafuta kosa la uchapaji, akasema haelewi, miaka minne hawajapishana hata mara tano, leo kumetokea nini? Bi Hesabu akafungua kinywa. Fundi akamtangulia. Alimpa mkewe mkono, akampongeza kwa adabu zote, akamwambia Daktari kwamba watazungumza Jumatatu.

Nyumbani alivua viatu safari hii, akaviweka sambamba chini ya meza, akaketi.

"Miaka minne," alisema. "Ulikuwa ukiona ngapi, na ukiandika ngapi?"

Bi Hesabu hakutafuta pa kujificha. Alimweleza yote, kuanzia ile Jumatatu ya kwanza: mitatu ya mwisho, wakati mwingine minne, na kwa wale wazee kabisa hata sita. Alimweleza kuhusu kuku. Alisema alifanya hivyo kwa sababu asingeweza kumwona amekaa kizingitini.

Fundi alikuwa akipangusa meza kwa kiganja, meza safi. "Makosa yangu yalikuwa yangu," alisema. "Ningejua ninakosea, ningekwenda kupimwa. Wewe umeniibia hata makosa."

Hakuwa amepaza sauti, na ndiyo maana iliuma. Bi Hesabu alilia kidogo, kilio cha mtu ambaye ametua mzigo na bado mabega hayaamini. Baada ya kitambo Fundi akamuuliza papa yule anazaa akiwa na umri gani hasa. Akajibiwa ishirini na mbili, ishirini na tatu.

"Na mimi nimesimama mbele ya baraza na tai shingoni nikasema kumi na saba."

"Tai yenyewe ilikuwa kombo," Bi Hesabu akasema, kabla hajaweza kujizuia.

Fundi akajitahidi kukasirika zaidi, ikashindikana. Walicheka, si sana, lakini ilitosha wakaweza kula.

Jumatatu Fundi ndiye aliyetangulia kubisha kwa Daktari. Alisema miiba yote ya miaka minne isomwe upya, na kwamba yeye hatasoma hata mmoja mpaka macho yake yatazamwe. Bi Hesabu akaeleza sehemu yake bila kuipaka rangi. Daktari alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema mengine makali ambayo Bi Hesabu aliyapokea yote, pamoja na barua ya onyo aliyokwenda kuihifadhi kwenye bahasha moja na vyeti vyake. Kisha Daktari akasema orodha za ukutani zilikuwa wazo lake, na hatabandika tena. Kabla ya mchana alikuwa ameliandikia baraza kwamba ripoti imeondolewa, bonde libaki limefungwa hadi hesabu mpya itoke. Nahodha Kimya alilalamika gatini kwa siku tatu mfululizo, ambazo kwake ni chache.

Hospitalini ilichukua dakika kumi kugundua: mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mganga alisema ndiyo maana mzee alianza kusoma gazeti bila miwani, ni ugonjwa uliokuwa ukimpa zawadi ya kumlaghai. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Fundi alibahatika kuumbuliwa na samaki. Wakamfanyia upasuaji wa jicho moja, kisha la pili. Siku alipofunguliwa bendeji aliutazama uso wa mkewe muda mrefu, akasema kumbe ana kidoti pembeni mwa pua. Bi Hesabu akamwambia kidoti hicho kilihudhuria harusi.

Usomaji mpya ulichukua miezi saba. Miiba ilikuwa elfu moja na mia tatu, na Daktari aliongeza msomaji wa tatu kutoka maabara nyingine, mtu wasiyemjua hata kwa sura, awe anakagua. Jibu likaja taratibu kama samaki mwenyewe: miaka ishirini na tatu. Baraza liliisoma ripoti, likauliza maswali mengi, likaliacha bonde limefungwa. Bi Hesabu alipopata habari alikuwa akiosha vioo. Aliendelea kuosha, ila taratibu zaidi, na siku nzima alijihisi mwepesi.

Ijumaa ya mwisho ya kazi ile, kopo likafunguliwa. Ulikuwa mwiba wa jike mzee sana, wenye mistari iliyobanana ukingoni. Kikaratasi cha Bi Hesabu: thelathini na moja. Cha Fundi: thelathini na tatu.

Zimepishana kwa mbili. Daktari akakohoa, akasema sheria ni sheria.

Bi Hesabu alisema mumewe amehesabu mistari ya uongo, mikwaruzo ya msumeno wake mwenyewe. Fundi akamwita kwenye hadubini, akamwelekeza kwa ncha ya penseli: huu hapa, na huu. Mkewe aliinama akatazama. Akarekebisha lenzi, akatazama tena, akapangusa miwani yake kwa upindo wa koti. Mwishoni pale aliona ukungu kidogo.

Hakusema kwamba ni gundi. Alinyanyuka akamwambia Daktari kwamba yeye ameona thelathini na moja, na ndiyo iliyoandikwa, haibadiliki. Fundi alikichukua kioo kile kwa vidole viwili, kwa heshima, akatoa vitambaa vya mfagizi kwenye ndoo nyekundu na kukitia humo. Kililia ting kilipogusa chini. Ulikuwa mwiba wao wa kwanza kukataliwa tangu wasome upya, na hapakuwa na mtu aliyefurahi kuliko yeye maabara nzima.

Walishuka ngazi pamoja wakibishana juu ya mistari miwili. Walibishana mpaka kwenye kona, wakabishana wakivuka barabara, na mlangoni, mkewe akitafuta ufunguo, Fundi akasema, "Jumatatu nitakusindikiza hospitali. Na usiniambie unasoma gazeti."

"Nilikuwa nafikiria kufuga kuku," Bi Hesabu akasema, akafungua mlango.